Taurati ya Musa na kitabu kilicho mkononi

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Katika dibaji alimtaja kwa shukrani Sheikh Abdul Aziz bin Abdulghany al-Amawy, kadhi mzaliwa wa Barawa, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka nakala ya Kiarabu kwa Kiswahili cha hali ya juu. Kazi iliishia Zaburi ya 16. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake, kama Steere anavyoeleza, kilikuwa cha kisomi mno kwa watu waliokusudiwa na misheni. Hata hivyo zile kumi na sita zilipigwa chapa ziwe ukumbusho wa wema wake. Wote wawili wameacha alama huku kusini. Sheikh alikuwa kadhi wa Kilwa katika ujana wake, safari za kazi ya Sultani zilimfikisha hadi upande wa Ruvuma, naye ni mmoja wa walioipa tarika ya Qadiriyya nguvu katika pwani hii. Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliongoza mwaka 1876 msafara wa watumwa walioachiwa huru kutoka Lindi, na ndio walioanzisha Masasi. Waislamu na Wakristo wanaobishana leo juu ya Taurati Mtwara mjini, Mikindani au katika vijiji vya Ruvuma ya chini, kwa namna fulani ni warithi wa watu wawili waliokaa kwenye meza moja na Zaburi ya Daudi katikati yao.

Sitaki kulikuza tukio hilo kupita kiasi. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, katika maandishi yake juu ya wanazuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, anamtaja al-Amawy kama mtu aliyejadiliana na Steere kwa hoja, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kadhi yule alikuwa na shaka na dini yake. Huenda alitafsiri kwa adabu ya jirani, au kwa mapenzi ya lugha tu. Lakini mtu anayeamini kwamba kitabu fulani ni uzushi kutoka jalada hadi jalada hakipi saa zake, wala hakichagulii maneno bora aliyo nayo. Alikiona kuwa ni kitu cha namna nyingine, nayo namna hiyo imesahaulika katika mabishano ya sasa.

Tangu miaka ya 1980 mabishano hayo yamekuwa na umbo moja. Muhadhiri wa Kiislamu husimama uwanjani na Biblia mkononi, akaonyesha aya zinazogongana, akahitimisha kwamba kitabu kimechezewa. Mwinjilisti naye humjibu kwa Kurani, akaonyesha mahali inapoisifu Taurati, akahitimisha kwamba Mwislamu analazimika kukubali Agano la Kale lote. Kanda za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilitoa mfano, na hapa nchini wahadhiri kama Ngariba Musa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, waandishi wa Uislamu katika Biblia, wakautia katika Kiswahili cha mitaani kinachoeleweka na kila mtu. Vipaza sauti vikizimwa, kila upande hurudi nyumbani umeshinda. Nadhani kosa haliko katika ukali wa maneno. Liko katika swali lenyewe. Kuuliza “Taurati imebadilishwa au haikubadilishwa?” ni kufunga pamoja maswali matatu ambayo wanazuoni wa Kiislamu, tangu karne za mwanzo, waliyatenganisha: nini kilimteremkia Musa, nani walikibeba baada yake, na kilicho mkononi mwa watu leo ni nini. Ukiyatenganisha, mapokeo ya Kiislamu yenyewe yatakuelekeza kwenye jibu ambalo wahadhiri wengi hawalisemi: kwamba Taurati iliteremshwa kweli, kwamba vitabu vitano vya mwanzo vya Biblia ya leo ni mkusanyo uliopitia mikono mingi, na kwamba ndani ya mkusanyo huo hukumu ya Mwenyezi Mungu bado ipo.

Tuanze na Kurani, kwa sababu ndiko pande zote mbili zinakochukua silaha. Surat al-Baqara, aya ya 79, inawalaumu wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakadai kimetoka kwa Mungu. An-Nisaa 46 na al-Maida 13 zinawalaumu wanaoyatoa maneno mahali pake. Muhadhiri huishia hapo. Lakini al-Maida 43 inashangaa Mayahudi wa Madina wanawezaje kumwendea Mtume awahukumu ilhali wao wanayo Taurati yenye hukumu ya Mungu; haisemi kwamba walikuwa nayo zamani. Aya inayofuata inasema wanavyuoni wao walitakiwa kukihifadhi kitabu. Al-Imran 93 inawaambia wailete Taurati waisome. Mtu haambiwi alete ushahidi usiokuwapo. Halafu al-Maida 48 inaipa Kurani kazi ya kuvisadikisha vitabu vilivyotangulia na kuvisimamia, na kazi ya msimamizi haiwi na maana ikiwa hakuna tena kitu cha kusimamiwa. Aya hizi zote zikisomwa pamoja, bila kuchagua zinazopendeza, hazimpi ushindi kamili muhadhiri wala mwinjilisti.

Hadithi moja inaliweka jambo hili wazi kuliko kurasa nyingi za elimu ya kalam, yaani mijadala ya itikadi. Bukhari na Muslim wanasimulia jinsi Mayahudi walivyomletea Mtume mwanamume na mwanamke waliozini. Aliwauliza Taurati yao inasemaje, wakadai inataja viboko na aibu ya hadharani. Abdullah bin Salam, aliyekuwa mwanachuoni wao kabla ya kusilimu, akawaambia wamesema uongo. Kitabu kikaletwa, kikafunguliwa, na msomaji akaweka kiganja juu ya aya ya kupigwa mawe, akasoma ya kabla yake na ya baada yake. Abdullah akamwamuru ainue mkono, na aya ikawa pale pale. Tazama ni nini kilichofanyika: maandishi hayakufutwa, yalifichwa wakati wa kusomwa. Na atakayefungua Biblia yoyote ya Kiswahili leo, Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ataikuta adhabu ya kifo kwa wazinifu na ya mawe katika baadhi ya hali zao. Katika mapokeo ya Abu Dawud, kitabu chenyewe kiliwekwa kwa heshima juu ya mto aliokuwa ameukalia Mtume.

Kwa ushahidi wa namna hii haishangazi kwamba wanazuoni wakubwa walifasiri tahrifu, huko kuyatoa maneno mahali pake, kuwa ni kupotosha maana, si kubadili herufi. Katika sahihi ya Bukhari mna kauli inayohusishwa na Ibn Abbas kwamba hakuna awezaye kuondoa neno la kitabu cha Mungu, ila watu hukifasiri isivyo. Mna kauli nyingine ya Ibn Abbas, kali, inayowakemea Waislamu wanaowauliza watu wa kitabu ilhali wamekwisha kukibadili. Kwa hiyo hitilafu imo tangu kizazi cha masahaba, kwa mtu mmoja, ndani ya kitabu kimoja. Fakhruddin ar-Razi, katika tafsiri yake, anauelekea upande wa maana kwa hoja ya kimantiki: kitabu kilichokwisha kuenea mashariki na magharibi, mikononi mwa watu wasiojuana, hakiwezi kubadilishwa kwa njama moja. Ibn Khaldun anasema jambo la karibu na hilo kuhusu desturi ya mataifa yenye vitabu, na hapa msomaji aangalie vizuri, maana ni Ibn Khaldun huyo huyo anayeikataa ile hesabu ya askari 600,000 wa Musa kuwa haiwezekani kwa ardhi wala kwa uzazi. Kuikataa hesabu hakukumlazimisha kudai njama.

Upande wa pili una jitu lake. Ibn Hazm wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1064, aliisoma Taurati kwa jicho la mkaguzi wa mahesabu, na al-Fisal yake ndiyo mama wa mihadhara yote, hata kwa wasiowahi kulisikia jina lake. Kwa mfano, Kitabu cha Kutoka kinasema wana wa Israeli walikaa Misri miaka 430. Lakini Kohathi mwana wa Lawi aliingia Misri na babu yake akiwa amekwisha kuzaliwa, akaishi miaka 133. Mwanawe Amramu aliishi 137. Na Musa mwana wa Amramu alikuwa na miaka 80 siku ya kumkabili Farao. Jumlisha umri wote, kana kwamba kila mmoja alizaliwa siku ya kufa kwa baba yake, utapata 350. Tena Kumbukumbu la Torati sura ya 34 inasimulia kifo na maziko ya Musa, ikasema hakuna ajuaye kaburi lake hadi leo. Nani aliyeandika “hadi leo” hiyo? Ibn Hazm akajibu kwa historia: Taurati haikuwa kitabu cha watu wote, bali nakala iliyokaa kwa makuhani wa hekalu, kupitia wafalme waliokufuru na vita vilivyoteketeza mji, hadi Ezra, anayemwita kwa dharau mnakili wa vitabu, alipoiandika upya. Kwa maneno mengine, mnyororo umekatika.

Hii ni hoja ya mtu wa hadithi. Ibn Hazm hakusema Mayahudi ni waongo kwa asili, ingawa ulimi wake ulikuwa mchafu vya kutosha. Alitaka aonyeshwe isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi. Na watu wa pwani ya kusini wana kumbukumbu yao wenyewe ya gharama ya kupokea maandishi yasiyo na isnadi. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilizagaa Lindi na bandari za jirani. Ilisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad fulani, mtumishi wa kaburi la Mtume Madina, na kuwaonya watu kwamba mwisho umekaribia. Kumbukumbu ya vita vya Majimaji ilikuwa bado mbichi, na serikali ya Kijerumani ikaingiwa na hofu. Uchunguzi wake ulifuata nyayo za barua hiyo hadi kwa akina Barwani wa Unguja. Maudhui yake yalikuwa ya kumcha Mungu. Hakuna mstari ambao mcha Mungu angeuchukia. Ila hakuna aliyeweza kusema nani alimsikia Sheikh Ahmad, na nani alimsikia huyo aliyesikia. Mwalimu wa chuo akitaka kuwafundisha vijana wa Mikindani Ibn Hazm alikuwa anatafuta nini, asihangaike kwenda Andalusia.

Hata hivyo kipimo cha isnadi kina makali pande mbili. Ile habari ya Taurati kuteketea na Ezra kuiandika upya, ambayo wanazuoni wengi wa Kiislamu waliitegemea, ina historia yake. Imo katika kitabu cha Kiyahudi cha mwishoni mwa karne ya kwanza ya Miladi, kiitwacho Ezra wa Nne, kilichohifadhiwa zaidi na Wakristo: Ezra anatoa imla ya sheria na vitabu vingine, jumla 94, kwa siku 40 mbele ya waandishi watano. Mwandishi wa Kiyahudi aliisimulia kama muujiza wa rehema. Wafasiri kadhaa wa Kiislamu wakaichukua vivyo hivyo kumtukuza Uzair, yaani Ezra huyo, wakisema Mungu alimrudishia Taurati kifuani. Ibn Hazm, na baada yake Samau’al al-Maghribi, Yahudi aliyesilimu mwaka 1163, wakaigeuza kuwa hati ya mashtaka. Hadithi ileile, mashahidi walewale, hukumu mbili zinazopingana. Mtu anayedai isnadi kwa Taurati hana budi kuidai pia kwa habari ya kuungua kwake, na akifanya hivyo atakuta imeandikwa takriban miaka 500 baada ya Ezra mwenyewe.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hoja yenye nguvu kuliko zote haikutoka kwa Ibn Hazm. Ilitoka kwa al-Biruni, mtu wa nyota na kalenda, ambaye karibu na mwaka 1000 aliweka nakala zilizokuwapo kando kwa kando. Kutoka Adamu hadi gharika, Taurati ya Kiebrania inahesabu miaka 1,656. Ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo, 2,242. Ya Wasamaria, 1,307. Hana haja ya kumtuhumu mtu. Nambari tatu haziwezi kuwa sahihi kwa pamoja, basi angalau nakala mbili zimeguswa, na pengine zote. Mwanazuoni Juwayni naye aliitumia tofauti hiyo ya miaka. Hapo ndipo jibu la Razi linapopata shida: kuenea mashariki na magharibi kunazuia njama ya baadaye, ndiyo, lakini hakuzuii tofauti zilizoingia kabla ya kuenea, wala makosa ya wanakili katika kila tawi. Ibn Taymiyya, katika majibu yake kwa barua ya Wakristo wa Kupro, alisimama katikati: baadhi ya maneno yamebadilika, mengi yamebaki, na aliyebaki na hukumu ya Mungu mkononi anahojiwa kwayo. Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim anayaorodhesha makundi matatu waziwazi, la wanaosema yote yamebadilishwa, la wanaosema ni tafsiri tu, na hili la kati. Inanishangaza kwamba kundi la tatu, lenye mtetezi maarufu kiasi hicho, halina sauti kabisa katika viwanja vyetu.

Elimu ya miaka 150 iliyopita imewasogeza wasomi wa Ulaya karibu na kundi hilo, kwa njia zao. Julius Wellhausen, mwaka 1878, alieleza vitabu vitano kuwa ni mfumo wa maandishi manne yaliyoshonwa pamoja. Maelezo yake yamerekebishwa na kupingwa sana tangu hapo, ila wazo la mikono mingi limebaki. Magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, yalimpa kila mtu kitu. Gombo kubwa la Isaya, lililo mbele ya nakala kamili za Kiebrania kwa takriban miaka 1,000, linafanana nazo kwa sehemu kubwa mno, na hilo ni pigo kwa anayedhani kila mnakili alikuwa mzushi. Lakini pango la nne lilitoa pia vipande vya Yeremia vinavyofuata maandishi mafupi yanayojulikana kwa Kigiriki, na nakala za Kutoka zinazokaribia Taurati ya Wasamaria. Yaani karne moja au mbili kabla ya Masihi, Mayahudi wenyewe walikuwa wakisoma matoleo tofauti ya vitabu vyao bila kuona ajabu. Al-Biruni angetabasamu.

Kuna watakaoninyooshea kidole na kusema nimempa mwinjilisti anachotaka. Mmisionari Karl Pfander alijenga kazi yake India juu ya hoja hiyo, kwamba Kurani inaishuhudia Biblia, na mwanazuoni wa Kiislamu Rahmatullah al-Kairanawi alipomkabili Agra mwaka 1854, kisha akaandika Izhar al-Haqq, chimbuko la Deedat, alikuwa anakizuia hicho hicho. Sijampa. Kurani inaishuhudia Taurati aliyopewa Musa na hukumu ya Mungu iliyo ndani ya kitabu cha Mayahudi. Haishuhudii orodha ya vitabu. Na orodha yenyewe haijaafikiwa hata kwa umbali wa basi moja: Wabenediktini wa Ndanda husoma Biblia ya vitabu 73, majirani zao wa Masasi huhesabu 66 kuwa kipimo cha imani. Ruthu, Esta, Mambo ya Nyakati, hakuna hata kimoja ambacho Mwislamu ametakiwa akiamini kuwa ni Taurati. Tena Kairanawi alishinda Agra kwa kunukuu wasomi wa Ulaya, hivyo anayemfuata hawezi kuwakataza wengine kufungua vitabu hivyo.

Pingamizi zito zaidi liko upande mwingine: ukiuzoesha umma kupima maandiko kwa nakala na historia, kesho watapima Kurani. Wapime. Madai ya Waislamu juu ya Kurani ni kwamba imepokewa kwa mapokeo mutawatiri, yaani ya watu wengi kutoka kwa watu wengi, kwa vifua na kwa misahafu, tangu mwanzo, na madai ya namna hiyo ni ya kihistoria kwa asili yake, yanaalika kipimo. Ngozi za Sanaa zilizopatikana mwaka 1972, pamoja na maandishi yaliyofutwa chini ya yale yanayoonekana, zinajadiliwa na Waislamu na wasio Waislamu, na mjadala huo unahusu tofauti za maneno na mpangilio wa sura katika kizazi cha kwanza, jambo ambalo vitabu vya Kiislamu vya visomo vilikuwa vikilitaja zamani. Kisichowezekana ni kumshangilia Wellhausen akiwa Kumbukumbu la Torati kisha kumkataa mwenzake akiwa Sanaa, kwa sababu tu ya anayeumia.

Linabaki jambo ambalo pwani yetu hailioni kwa kuwa mhusika hayupo. Tunabishana juu ya kitabu cha Mayahudi, Waislamu na Wakristo, bila Yahudi hata mmoja uwanjani. Wanavyuoni wao waliziona aya za kifo cha Musa kabla ya Ibn Hazm kwa karne nyingi: Talmudi inasema Yoshua ndiye aliyeandika nane za mwisho. Katika karne ya 12 Abraham ibn Ezra alizidokeza aya nyingine za aina hiyo kwa mafumbo. Muhadhiri anayezitoa kama siri iliyofichuliwa jana anamshtua mwinjilisti wa Masasi tu, na hata huyo kama hajasoma. Akimaliza kuthibitisha kwamba Musa hakuandika sura ya 34, bado hajathibitisha lolote juu ya sura ya 22, na hadithi ya Abdullah bin Salam inamzuia kusema kwamba sura hiyo nayo ni ya kutungwa.